Mbishi wa Commodore

Siku Mzamil alipomwambia, "Wasema kweli," Faraj aliingiwa na hofu.

Mtu mwingine angefurahi. Mtu aliyebishana na mwenzake miaka arubaini, kisha siku moja mwenzake akamkubalia bila hata kukohoa, angetoka pale kwa madaha, akapita baraza moja baada ya nyingine za Kibokoni akitangaza ushindi wake. Faraj alitoka ameshika ukuta. Alijua kwamba Mzamil mwenye akili zake timamu hangelitamka neno lile hata angefungwa kamba.

Ubishi wao ulikuwa juu ya kompyuta. Si hizi za leo, ambazo kila mtoto anayo moja mfukoni wala hana habari nayo. Zao zilikuwa zile za mwanzo kuingia majumbani, za miaka ya themanini, ambazo uliziunga kwenye televisheni ya kichogo, ukazilisha programu kwa kaseti, na mtaa mzima ukaja kutazama. Faraj alikuwa na Spectrum, aliyoletewa na ami yake kutoka London: kijidude cheusi, chembamba, chenye vitufe vya mpira. Mzamil alikuwa na Commodore 64, aliyonunuliwa na kakake baharia katika bandari ya Hamburg: pande la mtu, rangi ya udongo, lenye mgongo wa mviringo. Faraj aliliita boflo, ule mkate wa tanuri, na kwa haki ukiliona kwa mbali waweza kutaka siagi. Mzamil naye akaiita Spectrum ndara, kwa ajili ya ule mpira wake. "Ndara zako umezivua wapi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake, na salamu ya Mungu ilikuja baadaye.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na hawa wawili walivuta mpaka ngozi ikakaribia kuwa utepe. Mzamil alijigamba kwa kumbukumbu. Neno hilo alilipenda kuliko yote. "Mimi kumbukumbu yangu sitini na nne, wewe arubaini na nane. Wataka tuhesabu kwa vidole?" Faraj akamjibu kwamba sitini na nne hizo ni za kwenye jina tu. Mashine yenyewe, ukiiwasha, inakiri mbele ya watu kwamba iliyobaki ya kufanyia kazi ni thelathini na nane. Zilizosalia zimeliwa na nani? Spectrum ilikuwa na kidogo lakini ilimwachia mwenyewe zaidi, kama mwenye duka maskini asiyepunja mizani.

Mzamil alikuwa mpiga kinanda wa kikundi cha tarabu za harusi, kwa hivyo kwake yeye sauti ndiyo iliyokuwa kila kitu. Commodore ilikuwa na sauti tatu ndani ya tumbo lake, zikipanda na kushuka pamoja, moja ikiwa nzito ya chini na mbili zikijibizana juu yake. Alizitungia nyimbo, akazipiga nyumbani na madirisha wazi, na mabibi wa nyumba za pili wakauliza kikundi kimetoka wapi. Spectrum ya Faraj ilikuwa na mlio mmoja mwembamba. "Kifaranga aliyekanyagwa," Mzamil alisema, na hapo Faraj hakuwa na jawabu, ila aliinua sauti yake mwenyewe ili jawabu lionekane lipo.

Lakini Spectrum ilijua kuchora. Uliiandikia neno moja na tarakimu tatu, ikakuchorea duara. Tena hata neno hukuliandika herufi kwa herufi, kwa sababu kila kitufe kilikuwa na neno zima limelala juu yake. Commodore, kwa uzuri wake wote, lugha iliyozaliwa nayo haikuwa na neno la duara. Ukitaka duara uliijaza tarakimu moja moja kwenye vyumba vya kumbukumbu, kazi ya asubuhi nzima, na mwisho ukapata yai. Faraj alichora maua ya kofia kwenye Spectrum, na mkewe Khairiya akiyanakili kwenye kitambaa, akiyashona kwa sindano. Kofia hizo zilivaliwa na mabwana arusi wengi wa mji huu, wasijue ua lililo utosini mwao limetoka kwenye televisheni.

"Maua mazuri," Mzamil alikubali, "maadamu ni meupe. Tia rangi tuone." Alijua alipopiga. Kwenye Spectrum kila kichumba cha kioo kilibeba rangi mbili, basi. Ya tatu ikipita hapo, iliivaa rangi ya mwenyeji wake, na ua likaonekana kama limevaa nguo za jirani. Faraj naye akarudi kwenye kaseti. Spectrum ilikubali kinasa sauti chochote, hata kile kibovu cha jikoni, na programu ikaingia kabla chai haijapoa. Commodore ilitaka kinasa chake chenyewe, isikubali kingine, na ukishaipachika kaseti ulikwenda msikitini, ukaswali, ukarudi, ukala, bado inakuja. "Mwenye subira hula mbivu," Mzamil akasema. Na Faraj akajibu kwamba kuna mbivu na kuna zilizooza kwa kungoja.

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Kila Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwa Mzamil, ghorofa ya pili, nyuma ya Ndia Kuu, kwa sababu televisheni ya kichogo iliyobaki nzima ilikuwa yake. Dunia ikabadilika mara nyingi nje ya dirisha lile. Kompyuta zilikuja zenye kumbukumbu ya kutosha kuzimeza mashine zao mara milioni, na wao hawakuzitazama. Adapta nzito ya Commodore ilipozeeka ikaanza kutoa umeme kuliko kiasi, kama zilivyo nyingi za aina yake, Mzamil aliipeleka kwa Musyoka, fundi wa redio wa Makupa, akatengenezewa nyingine. Vitufe vya Spectrum vilipoacha kusikia, Faraj alisubiri miezi utando mpya wa chini yake ufike kwa posta. Hakuna aliyefikiria kuacha. Lau Commodore ingekufa, Faraj angekuwa na Spectrum bora isiyo bora kuliko chochote.

Tena kwa Faraj kulikuwa na jambo jingine, alilolijua wala hakulisema. Khairiya alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee, Ummukulthum, aliolewa Maskati, na mapenzi yake yalifika kwa simu, pamoja na swali la kama babake amekunywa dawa. Ofisi ya mizigo ya Shimanzi, aliyoitumikia tangu ujanani, ilimpa saa ya ukutani na kumsahau. Nyumba yake ikawa haimkatalii lolote. Aliweza kusema kwa sauti kwamba chai haina sukari, na hakuna aliyemwambia, si umeitia mwenyewe. Aliweza kuweka viatu juu ya kitanda. Kuna wanaoona hiyo ni raha. Faraj aliona kwamba mtu asiyekatazwa na yeyote hana tofauti na mtu asiyekuwapo. Mahali pamoja tu duniani palibaki ambapo akifungua kinywa, mtu humwambia "la".

Na sasa Mzamil alikuwa amesema, "Wasema kweli."

Haikuja ghafla, tusimsingizie Mungu. Kwanza yalipotea majina ya watu, kisha njia ya kwenda Makadara, kisha nyimbo. Mzamil alikuwa akiyaziba mashimo kwa mzaha, na Faraj akimsaidia kuziba, wote wawili wakijifanya ni uzee. Watoto wa Mzamil walimpeleka kwa daktari, daktari akalitaja gonjwa lenyewe, na nyumba nzima ikaanza kusema polepole. Hata hivyo, Ijumaa zile, ukitaja Commodore, macho yake yalikuwa yakiwaka. Ubishi ulikuwa wa mwisho kuondoka. Ndiyo maana Faraj alipouona nao umeondoka, alishika ukuta.

Juma lile zima alikaa akipanga. Alipanga kama mtu anayekwenda kortini. Alisema: huenda ni kosa langu, nilizungumza naye kwa maneno matupu, mashine yangu sikuichukua. Akiiona kwa macho, damu itamchemka. Alitaka kitu kimoja tu, abishiwe. Hata neno moja. "La" moja ingemtosha kurudi nayo nyumbani.

Ijumaa ilipofika aliifunga Spectrum ndani ya leso, ile kanga ya Khairiya, akaikumbatia kifuani, akapita vichochoro mpaka kwa Mzamil. Zakiya, mke wa Mzamil, alimfungulia. Alikuwa amekonda tangu wiki iliyopita, au Faraj hakuwa amemtazama vyema.

"Karibu, shemeji. Leo yu mzuri. Ameoga, amevaa, hakunisumbua."

"Namletea adui yake," Faraj akasema, akiifunua leso kidogo.

Zakiya aliitazama ile mashine, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mchokoze, shemeji," akasema. "Mimi nimechoka kuwa naye mtu asiyekasirika."

Mzamil alikuwa ameketi kwenye kochi, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Alipomwona Faraj aliinuka, na hilo peke yake lilikuwa baya, kwa sababu Mzamil hajapata kumwinukia Faraj. Alimpa mkono wa kulia, akaweka wa kushoto kifuani, akaitika salamu.

"Waalaykumu salaam warahmatullah. Karibu, shekhe, karibu. Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo? Watoto?"

"Hawajambo," Faraj akasema. Hajapata kuitwa shekhe na mtu huyu. Aliitwa ndara, aliitwa kifaranga, siku moja mbele ya wakwe zake aliitwa mwizi wa umeme. Shekhe lilimchoma kuliko yote hayo.

Commodore ilikuwa mahali pake, juu ya meza ndogo chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha kusukwa. Faraj akaifunua, akaitua Spectrum kando yake, akaunga waya. Televisheni ilikuwa moja, ikabidi mashine ziipate kwa zamu, kama wake wenza. Ya kwanza aliiwasha yake. Kioo kikajipasha moto taratibu, kikawa cheupe, na chini kabisa maneno yale madogo ya kiwandani. Faraj akabonyeza vitufe vya mpira, akachora duara, na ndani ya duara jingine, mpaka likawa ua la kofia.

"Laona boflo lako mambo hayo?" akauliza. Akangoja.

Mzamil alilitazama ua kwa adabu. Kisha akageuka. "Zakiya," akaita, "mgeni ataka boflo. Mletee na chai."

Zakiya alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Kisha akaenda jikoni, kwa kuwa alikuwa ameagizwa.

Faraj hakukata tamaa. Alianza mashtaka yake mwanzo mpaka mwisho, kama alivyoyapanga. Akasema Commodore haijui duara. Mzamil akasema kweli, haijui. Akasema kaseti yake ni ya kungoja mpaka mtu aote mvi. Mzamil akacheka kidogo, akasema ndiyo, haraka ni nzuri pia. Akasema kumbukumbu yake ni ya jina tu, nyingi inaliwa kabla mwenyewe hajaketi. Hapo alisita, maana neno lilishamtoka. Lakini Mzamil alitikisa kichwa tu, kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa watu asiowajua.

Basi Faraj akasema uongo. Hajapata kusema uongo katika ubishi ule, hata siku alipokuwa akishindwa. Kulikuwa na heshima ndani yake, kama kwenye bao. Lakini alisema. "Spectrum yangu ina sauti tatu. Commodore yako ina moja, mlio wa kifaranga." Alilisema polepole akimtazama usoni, akitafuta yule mpiga kinanda. Watu husema mpiga muziki husahau mama yake asisahau ngoma yake.

"Mashallah," Mzamil akasema. "Tatu. Hongera, shekhe."

Faraj akauhamisha waya. Akaiwasha Commodore, kioo kikawa cha buluu juu ya buluu. Akaushika mkono wa Mzamil, akauweka juu ya vitufe, akapanga vidole kimoja kimoja mahali alipoviona vikikaa kila Ijumaa. Vidole vilikaa pale. Vilikaa vizuri, vimetulia, kama vilivyokaa juu ya goti. Baada ya muda Mzamil akauondoa mkono wake taratibu, asimvunjie mgeni heshima, akaufuta kwenye kanzu.

Ndipo Faraj alipoona kwamba upande wake wote umekwisha, hakuna tena hoja iliyobaki. Na kwa kuwa mtu anayezama hushika hata maji, aliamua kuvuka. Kama hakuna wa kuitetea Commodore, ataitetea yeye, labda Mzamil ataudhika kuona mahali pake pamekaliwa.

Akaanza kwa kigugumizi, kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Akasema ile rangi ya Commodore hakuna iliyoifikia, kila kitu kinapita juu ya kingine bila kuambukizana. Akasema vitufe vyake ni vya mtu mzima, si vya mpira. Akasema zile sauti tatu alikuwa akizisikia kutoka kwake Kibokoni, usiku wa joto madirisha yakiwa wazi, na yeye na Khairiya walikuwa wakizima redio ili wasikilize. Hakupata kumwambia mtu. Khairiya alimwambia, kamwambie sahibu yako, naye akasema afadhali afe.

"Nzuri, Mzamil," akasema. "Hini mashine yako nzuri. Nzuri kuliko yangu."

Uso wa Mzamil ukafunguka. Kwa kitambo kidogo Faraj alidhani amempata. Mzamil aliweka mkono kifuani, akainama kidogo kuelekea meza.

"Karibu, shekhe," akasema. "Ni yako."

Asiye wa mji huu aelezwe. Kwetu, ukikisifu kitu cha mtu, mwenyewe hukwambia, "Karibu, ni chako." Nawe hujibu, "Kimefika kwa mwenyewe," na kitu kinabaki kilipo. Ni uungwana, si zawadi. Kila mtu analijua, isipokuwa Musyoka, ambaye mwaka aliofika kutoka Kitui alimsifia mtu saa ya mkononi, akaambiwa ni yako, akashukuru akaivaa. Ilibidi watu wazima waingilie kati, na mpaka leo Musyoka hasifu kitu. Lakini maneno hayo huambiwa mgeni. Mzamil hajapata kumwambia Faraj ni yako, kwa sababu Faraj hajapata kumsifia kitu. Ndivyo walivyokuwa. Ukarimu ni wa wageni, na wao wawili hawakuwa wageni.

Faraj alijua jawabu lake. Alilijua tangu utotoni. Kinywa chake kilikuwa tayari kusema imefika kwa mwenyewe. Akayazuia maneno, akamtazama Mzamil, akatazama meza, na wazo likamjia ambalo mtu wa mji huu halimjii ila amechanganyikiwa.

Akang'oa waya. Akaung'oa na ule wa adapta. Akaiinua Commodore kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Nimeichukua."

Alisimama nayo katikati ya chumba. Hakuna Mzamil duniani, mzima au mgonjwa, angeliona jambo hilo akanyamaza. Angesema, we, weka hapo. Angesema mwizi. Angemrushia mto. Faraj alikuwa tayari hata kupigwa. Zakiya alikuwa ametokea na sinia la chai, akasimama, macho yake yakienda kwa mume wake, yakirudi kwa Faraj. Alielewa. Alikuwa akingoja naye.

Mzamil alitabasamu. "Itumie kwa heri," akasema.

Faraj akatoka. Aliiacha Spectrum mezani, kwa makusudi, iwe uchokozi wa mwisho. Alishuka ngazi za mbao kidato kwa kidato, akituliza mguu kila kidato, ili mwenye mali apate nafasi ya kumwita. Commodore ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Miaka yote hiyo hajapata kuibeba. Alifika mlango wa nje akasimama. Akajifanya anatafuta viatu vyake, hali vilikuwa mbele ya miguu yake. Akajifanya anavivaa. Kijana mmoja alipita na mkokoteni wa maji, akamsalimu, Faraj hakuitika.

Kisha akasikia kule juu sauti ya Mzamil, kwa nguvu, kama ya zamani.

"Shekhe! Ngoja!"

Akasikia nyayo zikishuka, nzito, na Zakiya nyuma yake akimwambia taratibu, shika hapo, taratibu. Faraj akaishika Commodore kwa nguvu kifuani. Aombe tu, alisema moyoni, aombe tu nami nitamkatalia, naye atanikatalia, tutasimama mlangoni hapa mpaka magharibi kama watoto.

Mzamil alitokea kizani mwa ngazi, akihema, kofia imekwenda upande. Mikononi alikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya leso. Alikifunga mwenyewe, vibaya, ncha zikining'inia.

"Umesahau mzigo wako," akasema. "Kitu cha mgeni kisipotelee kwangu."

Akaituliza Spectrum juu ya Commodore, mikononi mwa Faraj, akairekebisha isianguke. Alikuwa mwangalifu. Alitumia muda, akihakikisha, jinsi mtu anavyomtengea mgeni wake vizuri.

Faraj alimtazama Zakiya. "Shemeji," akasema, "nairudisha hini. Nilikuwa nafanya mchezo."

Zakiya alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hayafuti. "Amekupa," akasema. "Siku hizi hana alilonalo la kumpa mtu. Mwache awe amekupa."

Mzamil aliwatazama wote wawili, asielewe kinachoendelea. Alihisi tu kwamba mgeni ana huzuni, na mwenye nyumba haachi mgeni aondoke na huzuni. Akatafuta neno jema. Alizitazama zile mashine mbili, moja juu ya mwenzake, akazipapasa kwa kiganja.

"Sasa umestarehe, shekhe," akasema kwa upole. "Mwenye zote mbili atabishana na nani?"

Miaka arubaini Faraj alikuwa akimjibu Mzamil. Sasa akashukuru, kama ashukuruvyo mgeni, akaenda zake.